Nani Anaiandika Nyumba ya Mnyonge?

Katika mafunzo ya itikadi tumezoea kuanza na njia kuu za uchumi: ardhi, madini, mabenki na viwanda. Tumezoea kuuliza zinamilikiwa na nani na kwa manufaa ya nani. Swali hilo ni la msingi na hatuna nia ya kuliacha. Lakini lipo swali jingine, dogo kwa sura, ambalo makada wengi hulipita bila kugeuza shingo. Mkulima wa Kahama au wa Geita anapotakiwa kuhama nyumbani kwake ili kupisha mgodi, reli au bomba, ni nani anayeingia uani mwake na futi na karatasi kuiandika nyumba ile? Na huyo mwandishi amefundishwa nini, amefundishwa na nani, naye anajiona mtumishi wa nani?

Sisi tunaofundisha siasa katika ukanda huu tumelazimika kulichunguza swali hilo kwa sababu wanafunzi wetu ndio wenyeviti wa vijiji, watendaji na madiwani wa kesho. Sahihi ya mwenyekiti huwekwa kwenye jedwali la fidia. Mwananchi akipunjwa, sahihi ya Chama nayo imo humo, hata kama sheria haisemi hivyo.

Historia inatwambia kwamba nyumba ya Msukuma haikuingizwa katika daftari la serikali ili ilindwe. Iliingizwa ili itozwe. Wajerumani walitoa amri ya kodi ya kibanda mwaka 1897, ikaanza kufanya kazi mwaka 1898. Kipimo kilikuwa nyumba yenyewe: mtu mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alihesabiwa nyumba tatu. Waingereza walipoikamata nchi wakairithi kazi hiyo na kuiwekea sheria yao ya kodi ya kibanda na ya kichwa mwaka 1922. Hesabu ilipitia kwa watemi na wanangwa, nyuma yao karani, na nyuma ya karani bwana shauri. Watu walijifunza haraka. Wakajibana wengi katika kibanda kimoja. Wengine wakahama kabla daftari halijafika. Karani naye akajifunza kwamba mwenye nyumba husema uongo, na kwamba kazi njema ni ile inayomkamata.

Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya waandishi wa nyumba katika nchi yetu. Ukoloni ulipoanzisha shule ya serikali za mitaa pale Mzumbe mwaka 1953, makarani na machifu walifundishwa kuweka vitabu vya hesabu, kuandika hukumu za baraza na kusimamia makusanyo. Hatusemi mafunzo hayo yalikuwa bure. Nchi huru ilirithi watu waliojua kuweka daftari safi. Tunachosema ni kwamba daftari lilikuwa na upande mmoja. Lilionyesha mwananchi anadaiwa nini, na safu ya kile ambacho yeye anaidai serikali haikuwapo.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika, ila hayakubadilika kwa mwendo mmoja. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliitazama nyumba kwa jicho la tabaka: likamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa sababu mwenye kula pango anaishi kwa jasho la mwingine. Mwaka 1971 ikafuata sheria ya kutwaa majumba, na Msajili wa Majumba akakabidhiwa yale majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Hatua hizo zilikuwa za kimapinduzi, lakini zilihusu miji. Katika vijiji vya Shinyanga nyumba haikuwa mtaji wa mtu. Ilikuwa mahali pa kulala, pa kuwekea mtama na pa kuzika wazee, ikizungukwa na ua wa minyaa na zizi la ng'ombe.

Kisha ikaja Operesheni ya Vijiji. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mwananchi wa shamba awe anaishi kijijini, na Shinyanga ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyohamishwa kwa nguvu nyingi na kwa haraka mwaka 1974. Hapa hatuna budi kujikosoa, maana Chama kisichojikosoa hufundisha uongo. Shabaha ya shule, zahanati na maji karibu na watu ilikuwa halali. Lakini watu waliondolewa katika nyumba zao, baadhi ya nyumba zikaezuliwa au kuchomwa ili wasirudi, na walio wengi hawakulipwa chochote kwa walichokiacha. Hakukuwa na mtumishi aliyefundishwa kuandika thamani ya kilichobomolewa. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilikuwa zimevunjwa kwa jina la Madaraka Mikoani, na makarani wenye uzoefu wakatawanywa. Halmashauri zilirudi katika miaka ya 1980 zikiwa kama mtu aliyeamka kutoka katika ugonjwa mrefu. Operesheni iliendeshwa na watu waliojua kutoa amri.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni makosa ya utendaji tu. Sisi tunaona neno "tu" halistahili. Katika mkoa huuhuu, mwaka 1976, watuhumiwa walifia mikononi mwa vyombo vya dola katika Mwanza na Shinyanga, na Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kwa kosa ambalo hakulitenda kwa mkono wake. Alielewa kwamba kazi ya mtumishi wa chini ni ya kiongozi pia. Tungependa somo hilo lifundishwe Shinyanga kuliko mahali pengine popote.

Tuje sasa kwenye dhahabu. Kuchimba katika ukanda huu si jambo la jana. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi toka miaka ya 1930 hadi mwaka 1966, na almasi ya Mwadui ilianza kuchimbwa baada ya Williamson kuigundua mwaka 1940. Mwadui ilijengwa mji kamili ndani ya uzio, na mfanyakazi alipewa nyumba ya kampuni. Ilikuwa nyumba nzuri, lakini ilifungwa pamoja na ajira: kazi ikiisha, na ufunguo unarudishwa. Mfanyakazi alikuwa na makazi bila ya kuwa na haki ya makazi.

Wimbi kubwa lilikuja katika miaka ya 1990, na lilikuja wakati sheria ya fidia ikiwa katikati ya mto. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 iliwapa watu fidia kwa maendelezo waliyoyafanya: nyumba, mazao, kisima. Ardhi tupu ilihesabika haina bei. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, iliamua katika shauri la Akonaay kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba mtu aliyeitolea ardhi jasho lake anastahili fidia ya haki hata kama hakujenga juu yake. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilikuwa imekwisha kuzunguka nchi na kusikiliza malalamiko, na Sera ya Ardhi ikatolewa mwaka 1995. Lakini Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zilipitishwa mwaka 1999 na zikaanza kutumika Mei 2001.

Katikati hapo ndipo ilipoangukia Bulyanhulu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo na familia zao waliondolewa katika eneo hilo la Kahama ili kulipisha kampuni yenye leseni. Ubishani juu ya yaliyotokea siku zile, na juu ya nani alistahili fidia, uliendelea kwa miaka na ukafika nje ya nchi. Sisi hatuandiki hapa kuumaliza. Tunataka msomaji aone jambo moja: maelfu ya watu walikuwa na makazi pale, wakiwa na maduka, vibanda vya chakula na watoto, lakini mtu ambaye daftari linamwita mvamizi hana nyumba, ana kibanda. Neno linaloandikwa na karani katika safu ya kwanza huamua tarakimu katika safu ya mwisho. Mgodi wa kisasa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi ukafuata mwaka 2009, na kila mmoja ulihitaji ardhi iliyokuwa na watu. Huko Mtakuja, Geita, familia zilizoondolewa mwaka 2007 zilikaa miaka katika mahema, jirani na moja ya migodi mikubwa ya dhahabu barani Afrika.

Kanuni za Fidia za mwaka 2001 ni hatua kubwa mbele, na kila kada anapaswa kuzijua kama anavyoijua Ahadi ya Mwanachama. Fidia si bei ya nyumba peke yake. Inalipwa thamani ya mali katika soko. Inalipwa posho ya usumbufu, ambayo hupatikana kwa kuzidisha thamani hiyo kwa wastani wa riba ya amana za mwaka mmoja katika mabenki ya biashara. Inalipwa posho ya usafiri kwa tani 12 za mizigo katika umbali usiozidi kilomita 20. Inalipwa hasara ya faida kwa mwenye biashara. Na inalipwa posho ya makazi, yaani pango la nyumba hiyo kwa mwezi, mara 36. Uthamini ufanywe na mthamini mwenye sifa na uthibitishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, yadaiwe na riba. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 imeongeza kwamba uthamini huchakaa: ukipita miaka miwili bila malipo, kazi irudiwe.

Posho ya makazi ndiyo inayotushughulisha zaidi. Fikra yake ni ya kiungwana. Mtu aliyebomolewa hawezi kujenga kwa siku moja, basi apewe uwezo wa kupanga kwa miaka mitatu wakati anainua nyumba nyingine. Kwa hakika hii ndiyo ruzuku ya makazi pekee ambayo mkulima wa kawaida wa Tanzania anaweza kuidai kwa sheria. Lakini tuitazame kwa jicho la uyakinifu. Kipimo chake ni pango la soko. Je, katika kijiji cha Usukuma ambako hakuna aliyewahi kumpangishia jirani yake, pango la soko linatoka wapi?

Katika darasa moja tulilolifanya kijijini, mama mmoja mzee alinyanyuka na kutuuliza swali hilo kwa maneno yake. "Wajukuu zangu," alisema, "mgeni akija kwangu analala na anakula. Sasa hilo pango mnaloliandika, nilimtoza nani?" Wanafunzi walicheka. Tuliwanyamazisha, kwa sababu bibi yule alikuwa amegusa mahali ambapo vitabu vyetu havijafika. Sheria inampima mwananchi kwa uhusiano wa kibepari ambao yeye hana. Penye soko, kama mitaa ya Kahama mjini ambako wachimbaji na wafanyabiashara hugombania chumba, tarakimu ipo na inaonekana. Pasipo soko, tarakimu inatoka kichwani mwa mwandishi.

Tuchukue mfano wa darasani. Nyumba ya udongo na bati yenye vyumba vitatu. Mwandishi mmoja anakadiria pango la shilingi 15,000 kwa mwezi. Posho ya makazi inakuwa shilingi 540,000. Mwandishi mwingine anauliza nyumba kama hiyo inapangwa kwa kiasi gani katika kituo cha biashara kilicho karibu, ambako ndiko aliyebomolewa atakwenda kutafuta chumba, anakuta shilingi 30,000. Posho inakuwa shilingi 1,080,000. Hakuna aliyevunja kanuni. Wa kwanza alipima kijiji anachohamishwa mtu, wa pili alipima mahali atakapolala. Sisi tunasema wa pili ndiye aliyeielewa kanuni, kwa sababu pango hulipwa kule uendako.

Hali ni hiyohiyo katika thamani ya jengo. Penye uhaba wa mauzo, mthamini hukokotoa gharama ya kujenga upya kisha hutoa uchakavu. Kwa nyumba ya matofali ya mjini huenda ikafaa. Kwa nyumba ya udongo, ambayo mwenyewe huikandika upya kila kiangazi kwa mikono yake, uchakavu humla mtu mara mbili: jasho la kukandika halihesabiwi, na umri wa nyumba unakatwa. Anabaki na fedha za kununua nusu ya nyumba. Nusu ya nyumba hailaliki.

Tunajua hoja inayoletwa mbele yetu kila mara: tegesha. Neno hili limekomaa huko Nyamongo, wilaya ya Tarime, nalo limesafiri hadi kwetu. Mtu anasikia mgodi utapanuka, anasimamisha kuta kwa usiku mbili, anaweka bati bila sakafu, anategesha kama mtega ndege. Baadhi yao ni wanyonge waliochoka kungojea. Wengine, na tusione haya kusema, ni watumishi na wafanyabiashara wa mjini waliopata habari kabla ya wanakijiji. Huo ni unyonyaji, na anayeuchukulia kama werevu hajasoma Azimio. Lakini tumeona jinsi vita dhidi ya tegesha vinavyomwangukia asiyehusika. Nyumba ya kijana aliyeoa juzi ni mpya, haina sakafu, haina ua uliokomaa. Ya mjane ni ndogo na imeegemea. Mwandishi aliyefundishwa kushuku tu huziona zote kuwa mitego. Yule karani wa kodi ya kibanda amerudi, safari hii amevaa kofia ngumu ya mgodi.

Dawa ya tegesha ni elimu ya kusoma makazi. Angalia moshi uliotanda darini. Angalia jivu, njia ya kwenda kisimani, kaburi, mti wa kivuli, mahali pa kufungia ndama. Waulize majirani wawili kila mmoja peke yake. Uliza mke bila ya mume kumjibia, maana mara nyingi anayepigwa picha mbele ya nyumba akiwa ameshika kibao cha namba ni mwanamume, na akaunti ya benki inafuata picha.

Nani anafundisha hayo? Wathamini wetu wametoka katika Chuo cha Ardhi cha Dar es Salaam, ambacho tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu Ardhi, na mafundi wa fani hiyo hutoka pia Tabora na Morogoro. Watendaji hufundishwa Hombolo na kwingineko. Elimu ya vyuo hivyo si haba. Tatizo ni kwamba mthamini mmoja anaweza kupewa mamia ya nyumba kwa wiki chache, na kazi ya kuingia uani inashuka kwa wasaidizi: vijana wa muda, mtendaji wa kijiji, mgambo wa kushika futi. Hao ndio wanaozungumza na mwananchi, na hao ndio wanaofundishwa kwa asubuhi moja. Wanaelezwa jinsi ya kujaza. Hawaelezwi kwamba mwananchi ana haki ya kukataa na kupinga, wala jinsi ya kumsomea fomu mpaka aielewe. Kwa miaka mingi sheria zenyewe zilikuwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Msaidizi asiyejua kwamba posho ya usafiri ni ya tani 12 kwa kila anayehamishwa akiwa anaishi pale, hudhani anamfanyia bibi hisani kwa kumwandikia gari dogo.

Asidhani mtu kwamba ni umaskini wetu ndio unaozaa haya. Uingereza, taifa lililotuletea daftari, lilipitisha sheria ya ruzuku ya pango mwaka 1982 na kuzitupia halmashauri za miji kazi ya kuamua madai kati ya Novemba mwaka huo na Aprili 1983. Kanuni zilikuwa ngumu, watumishi hawakutayarishwa, madai yakarundikana, na wapangaji wakangoja huku wenye nyumba wakidai pango lao. Nchi yenye mashine na makarani wengi ilishindwa mahali palepale tunapojikwaa: ilitunga haki kwanza, ikakumbuka mtumishi baadaye.

Ukanda wetu hauna muda wa kurudia kosa hilo. Reli ya kisasa ya kutoka Mwanza hadi Isaka, iliyowekewa jiwe la msingi Juni 2021, imekata mashamba na viwanja vya Shinyanga. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani linapita Geita na Shinyanga, na huko baadhi ya kaya zilipewa kuchagua fedha au nyumba mbadala iliyojengwa. Walioingia katika nyumba za tofali wamepata kitu ambacho jedwali la uchakavu lisingewapa. Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa Mwadui lilipasuka, tope likafunika makazi na mashamba ya Ng'wang'holo na Nyenze. Huko hapakuwa na notisi, wala uthamini wa kabla, wala picha yenye kibao. Nyumba ilibidi iandikwe baada ya kutoweka, kwa ushahidi wa majirani, na thamani ya kazi ikategemea kabisa kama aliyetumwa kuandika anajua kusikiliza.

Kwa hiyo katika madarasa yetu tumebadili zoezi. Zamani tuliwapa wanafunzi kanuni wakazikariri kwa ukasuku, wakafaulu. Sasa tunawapeleka katika kaya moja ya karibu, kwa ridhaa ya wenyewe, wawili wawili. Mmoja anaandika madai kama mtumishi wa halmashauri. Mwingine anaketi na wenye nyumba na kuwasaidia kudai. Jioni tunalinganisha karatasi mbili za nyumba ileile. Tofauti huwa kubwa, na mara nyingi haiko katika vipimo vya kuta. Iko katika jiko la nje ambalo mwandishi hakuliona, katika chumba cha binti ambacho mume alikisahau, katika pango lililokadiriwa kwa kutazama juu ya paa. Kisha tunawabadilisha nafasi, na kesho yake wanarudi kwa wenye nyumba kuwasomea, kwa Kiswahili na pale inapobidi kwa Kisukuma, kila tarakimu na mahali ilipotoka.

Mwezi uliopita tulirudi kwa bibi yule aliyeuliza juu ya pango. Mwanafunzi wetu alimweleza kwamba hesabu ile si ya mgeni aliyelala kwake, ni ya yeye mwenyewe siku atakapokuwa mgeni mjini, miezi 36. Bibi alihesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. "Basi waandike bei ya mjini," alisema, "na waniandikie pia na mahali pa mbuzi."